Msomaji wa Vifo wa Redio Mwalo

Watu wa Pasiansi walimpenda Dorotea Mashimba, ila hawakupenda awaite majina. Akipita gengeni asubuhi akasema, "Umeamkaje, Odeta?" muuza nyanya alishtuka, akajishika kifua na kutazama huku na huku. "Niite jirani tu, dada. Jirani inatosha." Hakukuwa na ubaya wowote. Ni kwamba sauti ile ile, kila siku saa saba mchana, ilisoma majina ya waliokufa kwenye redio, na hakuna aliyetaka kulisikia jina lake likitoka kinywani humo kabla ya wakati wake. Mwanzoni Dorotea alicheka. Baadaye akazoea, akawa anawaita jirani, mama, mzee, shemeji, hata wale aliowajua tangu wakiwa na nepi.

Kabla ya hapo alikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika cha pamba, na alidhani angestaafia pale. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, ushirika ukayumba, mishahara ikaanza kuchelewa, kisha wafanyakazi wakapunguzwa. Dorotea naye unga wake ukamwagika. Mumewe alikuwa amekwisha kutangulia, mtoto hakubahatika kupata, na ndugu waliobaki walikuwa wawili tu: kaka yake Yakobo, ng'ambo kule Sengerema, na dada yake Paskazia, aliyeolewa Magu.

Mambo yale yale yaliyomtoa kazini ndiyo yaliyompa kazi nyingine. Serikali ilipolegeza kamba na kuruhusu watu binafsi kuanzisha redio, Bwana Sadru, muuza nyavu wa Mirongo, alipanda ghorofani juu ya duka lake, akatoa marobota, akabandika magodoro ukutani kuzuia kelele za barabarani, akaita Redio Mwalo. Dorotea aliajiriwa mapokezi. Watu waliokuja kwa wingi pale mezani kwake hawakuwa wa salamu wala wa kuomba nyimbo. Walikuwa wafiwa. Nao watangazaji vijana waliyaogopa matangazo yao, kila mmoja akimsukumia mwenzake, hadi siku moja Bwana Sadru akachoka.

"Mama Dorotea," alisema, "wewe una sauti tulivu. Hebu ingia wewe."

Akaingia, na hakutoka tena. Alikuwa na namna yake ya kusoma. Alianza na familia, akaja mahali, akanyamaza kidogo, ndipo akataja jina la marehemu, mara mbili. Halafu ikaja sehemu aliyoijali kuliko zote, ya habari ziwafikie: fulani wa Magu, fulani wa Geita, fulani aliyeko machimboni, popote alipo. Hapo hakukimbia hata kidogo. Aliamini kwamba mahali fulani yuko mtu mmoja ambaye jina lake likimezwa, atamkosa mama yake kaburini. Kwa hiyo alisoma kila jina kama anagonga mlango na kungoja ufunguliwe.

Na mji ulimsikiliza. Saa saba ikifika, mama ntilie wa Mirongo waliacha mwiko ndani ya sufuria. Mafundi wa Buzuruga waliweka nyundo chini. Hakuna aliyesema anasikiliza. Walijifanya wanakuna kichwa, wanatafuta kiberiti, wanafunga kamba ya kiatu. Kinanda cha kufunga kipindi kikipigwa, mtu alishusha pumzi, akarudi kazini bila kumtazama mwenzake.

Kisha ukaja mwezi wa tano wa mwaka tisini na sita, meli ikazama, na kipindi kimoja cha Dorotea hakikutosha. Alisoma asubuhi, akasoma mchana, akasoma jioni, sauti ikamkauka hadi akawa ananong'ona. Watu wa Mwanza hawapendi kuzisimulia siku hizo na mimi sitawalazimisha. Ninachotaka kusema ni kwamba tangu hapo sauti yake ilizidi kuogopwa. Mtu aliitegemea kama dawa chungu, na kama dawa chungu, hakutaka hata kuiona chupa yake.

Mwaka tisini na nane alirudi Faizan, mpwa wa Bwana Sadru, aliyekuwa akisoma Nairobi. Hakuwa kijana mbaya, tuseme ukweli. Aliona redio nyingine zinaingia mjini, zinapiga muziki tangu alfajiri. Wenye makampuni ya soda na sabuni wanauliza, watu wangapi wanawasikiliza, na saa ngapi? Mjomba wake hakuwa na jibu. Faizan akakusanya wanafunzi, akawatuma nyumba kwa nyumba Mirongo, Buzuruga na Pasiansi, waulize kila kipindi kina wasikilizaji wangapi.

Siku walipofika Pasiansi, Dorotea alikuwa uani anaanua nguo. Alimsikia msichana akimuuliza Odeta, upande wa pili wa ua wa minyaa.

"Mama, matangazo ya vifo ya saa saba unasikiliza?"

"Mimi? Ushindwe! Hayo mimi siyasikilizi."

"Hata mara mojamoja?"

"Mwanangu, nina watoto humu ndani. Unataka niite nini? Andika nasikiliza nyimbo."

Dorotea alibaki na nguo mkononi. Jana yake tu Odeta alikuwa amemfuata jikoni kuuliza kama yule marehemu wa Nyegezi ni wa ukoo wa mume wake. Lakini Dorotea hakukasirika, kwa sababu alielewa. Kukiri mbele ya mgeni kwamba kila siku unakaa unangoja vifo ni kama kusimama mlangoni na kukikaribisha kifo ndani. Ni uchuro. Odeta asingeweza kujibu vingine, wala mtu yeyote wa mtaa ule. Mji mzima ulisema uongo mmoja bila kukaa kikao.

Majibu yaliporudi, kila kipindi kilikuwa na watu wake, hata kile cha mafunzo ya kilimo cha alfajiri ambacho mtangazaji mwenyewe alikuwa akisinzia akikisoma. Saa saba mchana ilikuwa jangwa. Faizan alimwita Dorotea ofisini kwa mjomba wake na kumweleza kwa upole, akikwepa macho yake.

"Mama, hakuna anayekusikiliza. Siyo mimi ninayesema. Ni watu wenyewe."

"Wanasikiliza, baba. Ila hawawezi kusema."

"Sasa mtu akisikiliza atashindwaje kusema?"

Dorotea alijaribu kueleza. Yeye aliyezoea kusoma yaliyoandikwa na wengine, leo hakuwa na karatasi mbele yake. Bwana Sadru alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza.

"Mimi nakuamini," alisema. "Siku ile ya meli nilikaa hapo nje nikakusikiliza, nikalia. Lakini wenye biashara hawataniamini mimi. Niletee watu, Mama Dorotea. Waje Jumamosi hapa waseme kwa mdomo wao, tunataka kipindi hiki. Hata wachache. Kipindi kitabaki."

Basi Dorotea alizunguka. Alikwenda kwa Odeta, kwa mama ntilie, kwa mafundi, kwa Mzee Ngosha mshona viatu ambaye hajawahi kukosa mazishi tangu mji ule uwe na lami. Wote walikubali. Walikubali kwa sauti kubwa, wakagonga meza, wakasema haiwezekani, tutazikanaje, huyo kijana anataka kutufanya wanyama? Odeta alimshika mkono kabisa. "Jumamosi nitakuwa wa kwanza, dada."

Jumamosi Bwana Sadru alipanga viti, akaagiza soda. Dorotea alivaa gauni lake la kanisani, akakaa karibu na dirisha akiangalia ngazi. Viti vilibaki vitupu. Chupa zikatoa jasho mezani, likakauka. Hatimaye akapanda Mzee Ngosha, anahema, kofia mkononi, na Dorotea akasimama kwa furaha hadi kiti kikaanguka.

"Shikamoo, mzee," alisema Faizan. "Umekuja kwa ajili ya matangazo ya vifo?"

Mzee Ngosha alimtazama Faizan, akamtazama Dorotea, akaiona sahani ya kifaa cha kurekodi inazunguka mezani. Uso ukambadilika.

"Marahaba. Hapana, mwanangu. Mimi nilikuwa napita tu." Akazungusha kofia vidoleni. "Ila mkipiga zile nyimbo za zamani za dansi, mtakuwa mmetusaidia wazee."

Akapewa soda yake, akanywa amesimama, akateremka. Mimi nikimkumbuka mzee yule nakasirika hadi leo, lakini niseme nini? Nani angekubali kuwa ndiye aliyepanda ngazi kwenda kuomba vifo virudishwe, halafu juma lile lile msiba ukaanguka nyumbani kwake? Angeelekezewa kidole mpaka kufa. Kila mmoja alimwachia mwenzake. Odeta, alipoulizwa, alisema mtoto alikuwa na homa.

Mwezi uliofuata saa saba mchana ikawa ya muziki wa vijana, Kongo na hiyo ya kughani kwa Kiswahili iliyokuwa inaanza kuchachamaa. Matangazo ya vifo hayakufutwa kabisa, ila yaligeuzwa vipande vifupi, yakachomekwa popote penye nafasi, yakisomwa haraka huku ngoma ikidunda chini yake. Sehemu ya habari ziwafikie iliondolewa kwa kuwa inakula muda. Bwana Sadru hakutaka kumfukuza Dorotea, akaomba ajaribiwe kwenye matangazo ya biashara. Alisoma la sabuni ya kufulia. Vijana walicheka mpaka wakashika ukuta.

"Mama, samahani," alisema Faizan, naye akifuta machozi, "ukiitaja wewe, ni kama sabuni yenyewe imefariki."

Dorotea alicheka nao. Jioni alirudisha funguo, akaacha kazi, na nyumbani akalia mpaka macho yakavimba. Baadaye alipata meza ya mitumba ya watoto stendi ya Buzuruga. Redio zilikuwa kila upande, zimefunguliwa kwa sauti ya juu, na yeye alikunja visweta na visuruali katikati ya kelele zile kama watu wengine wote. Ajabu ni kwamba sasa watu walianza kumzoea. Odeta alipokuja kununua gauni la mtoto, hakushtuka alipoitwa jina.

Siku moja akiwa hapo alimwona Chenge, mtoto wa kaka yake Yakobo, anakuja kutoka kwenye mabasi na begi begani. Alifurahi. Alisukuma nguo pembeni ili kijana apate pa kukaa.

"Karibu, mwanangu! Baba hajambo?"

Chenge hakukaa. Alimwangalia kama mtu anayetafuta kosa usoni mwake.

"Shangazi, tulikungoja," alisema. "Tulikungoja mpaka mwili ukaanza kuharibika."

Watu wa jirani wakapunguza redio zao. Kijana akaeleza taratibu. Baba yake aliugua ghafla, hakumaliza hata siku mbili. Wao wenyewe walivuka kuja kuleta tangazo Redio Mwalo, wakaambiwa shangazi hayupo ila litasomwa, wakadhani ametoka kidogo tu, wakarudi haraka kuchimba kaburi. Wazee waliuliza, Magu na Pasiansi mmepeleka mtu? Wakajibu hakuna haja, shangazi yuko redioni, atakuwa wa kwanza kujua, naye atamjulisha Paskazia. Basi wakakaa uwanjani, kila gari likipiga honi wanainuka. Lilisomwa kweli, mara moja, kati ya tangazo la soda na la betri, jina la marehemu na kijiji, basi. Dorotea alikuwa pale pale Buzuruga. Huenda siku hiyo alikuwa akitikisa kichwa kwa wimbo uliokuwa chini yake.

"Hamkujua kwamba sisomi tena?" aliuliza.

"Nani angetuambia, shangazi?"

Kesho yake alikwenda Magu. Katika maisha yake alikuwa amewapa watu wengi habari za namna hiyo, lakini daima kulikuwa na kioo na waya na ziwa zima katikati yao. Hakuwahi kuuona uso hata mmoja. Njia nzima alijipanga: ataanza na salamu, ataomba maji, ataomba waketi ndani. Alipofika uani, Paskazia alikuwa anapepeta maharage, na alimwona toka mbali. Aliuacha ungo, akaja mbio na vumbi miguuni, anacheka, anapiga vigelegele.

"Mwali wangu wa redio! Leo umenikumbuka!"

Akamkumbatia. Kisha akarudi nyuma, akakitazama kitambaa cheusi kichwani mwa mdogo wake.

"Ni nani?"

Dorotea aliomba maji, kama alivyojipanga. Paskazia alimshika mabega.

"Dorotea. Ni nani?"

"Yakobo."

Paskazia alikaa chini pale pale, juu ya mchanga. Hakupiga yowe. "Twende basi," alisema. "Ngoja nichukue kanga. Tunazika lini?"

"Wamezika, dada. Wiki iliyopita."

Ndani ya nyumba redio ilikuwa inaimba, Redio Mwalo ile ile, muziki wa vijana.

"Haiwezekani," alisema Paskazia. "Mimi saa saba sitoki kwenye redio hiyo. Kila siku nafungua, nakungoja. Nikaona husomi, mwezi ukaisha, na mwingine ukaisha, nikamshukuru Mungu." Akaufumbata mchanga kwa mikono miwili. "Nilijua hakuna aliyekufa."