Chupa za Nkambo Numbi

Rachelle Mbelu aliponieleza habari hii alikuwa akipanga chupa kwenye katoni, na hakuniangalia usoni hata mara moja. Mimi nilikuwa mteja wake wa siku nyingi. Nilimuuliza swali dogo tu, kwa nini chupa za siku hizi hazina picha ya yule bibi. Akaanza kueleza, na hakuacha mpaka katoni ikajaa.

Yeye ni mzaliwa wa Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, Kongo. Babu yake aliletwa kutoka Kasai zamani kufanya kazi ya shaba, na baba yake, tata Kabeya, alikuwa karani mgodini. Mwaka 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, Rachelle alikuwa na miaka sita. Familia ilikaa kwenye kituo cha gari moshi wiki saba, chini ya mashuka yaliyofungwa kwenye miti, ikisubiri nafasi ndani ya behewa. Tata Kabeya alifia huko Kasai, katika mji ambao hakuwahi kuuona kabla ya kufukuzwa. Miaka kumi na moja baadaye mama yake, mama Mbombo, alirudi Kolwezi na binti yake, wakapanga vyumba viwili katika mtaa wa Manika.

Rachelle akapata kazi kwenye kampuni ndogo iliyokuwa inapikia wafanyakazi wa migodi. Mwanzoni mwa 2019 bei ya kobalti ilianguka, migodi ikapunguza watu, na kampuni ile ikafunga jiko. Alirudi nyumbani na sufuria mbili alizopewa badala ya kwaheri.

Kitu pekee walichokuwa nacho cha kuuza kilikuwa pilipili ya mama Mbombo. Aliikaanga taratibu ndani ya mafuta ya mawese, pamoja na kitunguu saumu na seleri, akiigeuza kwa saa mbili bila kuondoka jikoni. Rachelle aliosha chupa kumi na mbili za mayonezi, akazichemsha, akazijaza. Akapiga picha asubuhi, chupa moja juu ya jani la mgomba, akaiweka kwenye WhatsApp. Wenzake wa zamani wa kazini walinunua zote siku hiyo hiyo.

Akajifunza mambo haraka. Aliona kwamba mteja akijibiwa ndani ya dakika tano ananunua, akijibiwa baada ya saa moja amekwisha kusahau. Aliwauliza watu waliorudi kununua ni nini wangebadilisha, wakamwambia chupa ni kubwa mno kwa mtu anayekaa peke yake, basi akatafuta chupa ndogo. Akafungua ukurasa wa Facebook. Dodo, jirani mwenye pikipiki ya taksi, akawa anapeleka chupa mpaka Musonoi, kwa wachimbaji, nyingine zikaenda Lubumbashi kwa basi. Kwenye etiketi ya kubandika chupani aliandika: Pilipili ya Mama Mbombo. Kufika Mei alikuwa anauza chupa arobaini kwa wiki.

Mwezi wa sita komande, yaani oda za wateja, zikashuka. Wiki moja zilikuwa tisa. Rachelle alifungua ukurasa wake kutafuta sababu, akakuta maoni matatu chini ya picha.

La kwanza, likimaanisha Kasai, lilisema: “Mbombo ni jina ya kule.” La pili: “Banatuletea bandugu yabo na treni kila siku, sasa hata pilipili banatuuzishia?” La tatu lilikuwa neno moja, lile ambalo watu waliwaita mwaka 1993, neno la wadudu.

Rachelle alifuta maoni, kisha akafuta picha, na kabla ya jioni alikuwa amefuta jina la mama yake kila mahali lilipoandikwa.

Wiki iliyofuata ukurasa ulikuwa na jina jipya: Pilipili ya Nkambo Numbi. Nkambo ni bibi, na Numbi ni jina ambalo watu wa huku wanalijua kuwa la kwao. Alikuwa ametazama video nyingi za wafanyabiashara waliosema kwamba mteja ananunua hadithi kabla ya kununua bidhaa. Basi akatunga hadithi. Nkambo Numbi alitoka kaskazini mwa Katanga kwa miguu, akawapikia wachimbaji wa kwanza wa Musonoi, akamwachia mjukuu wake siri ya pilipili. Mchoraji wa vibao vya maduka akamchorea bibi mwenye kilemba cha buluu.

Mama Mbombo ndiye aliyebandika etiketi. Alikuwa amesoma kwa masista na macho yake bado yalikuwa mazima.

“Numbi ni nani?” akauliza.

“Ni jina ya biashara tu, mama.”

Mama Mbombo aliinyoosha ile etiketi kwa kidole gumba mpaka ikakaa sawa, akachukua nyingine.

Kufika Septemba komande zilipita sabini kwa wiki. Watu waliandika kwamba pilipili ile iliwakumbusha bibi zao. Rachelle aliwajibu wote. Siku moja aliandika kwamba amemwota Nkambo Numbi, na watu mia mbili wakaonyesha kuipenda habari hiyo.

Halafu akaja Odile. Odile alikuwa mwanamke wa mjini aliyeonyesha mapishi kwa simu yake, na watu zaidi ya elfu nne walimfuata. Aliomba kuja kuona pilipili inavyopikwa. Rachelle hakulala vizuri wiki nzima, lakini alikubali, maana hakuna tangazo ambalo lingemfikisha mbali hivyo.

Odile alifika Jumamosi asubuhi, simu mkononi, akipiga video ya moja kwa moja. Alisifu ua lililofagiwa, akasifu chupa zilizopangwa juani. Kisha akageuza simu kuelekea jikoni. Mama Mbombo alikuwa kwenye kinu, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko.

“Na uyu mama ni nani?” Odile akauliza. “Njo Nkambo mwenyewe?”

“Hapana,” Rachelle akasema. “Nkambo alishakufa.” Simu ilikuwa bado inamtazama mama yake. “Uyu ni mama mwenye anatusaidiaka kazi.”

Kinu kikanyamaza. Mama Mbombo aliinua uso, akamtazama Odile, hakumtazama binti yake.

“Ndiyo, madame,” akasema. “Mi niko wa kazi.”

Alisema hayo tu, polepole, ili lafudhi ya Kasai isimtoroke. Akaendelea kutwanga. Odile akamwambia Mungu ambariki kwa kazi nzuri, akageuza simu.

Siku ile komande zilikuwa nyingi kuliko mwezi mzima uliotangulia. Rachelle alizijibu akiwa ameketi chumbani, mlango umefungwa. Alikuwa anamsikia mama yake nje akiosha sufuria. Alitaka kutoka amwambie kitu, lakini kila neno alilolitafuta lilianza na “unajua, mama, biashara”, na hata yeye hakuvumilia kulisikia. Siku tatu walipishana ndani ya vyumba viwili kama wapangaji.

Siku ya nne, wakimenya vitunguu saumu, mama Mbombo ndiye aliyeanza. Alizungumza Kiswahili, si Chiluba cha Kasai walichozoea wakiwa wawili.

“Mwaka ile, batu ba mapanga njo balitukataza jina yetu. Sasa wewe, nani alikushikia panga?”

“Wateja, mama.”

“Wangapi?”

“Watatu,” akasema, na alipolitamka akasikia lilivyo dogo.

Mama yake alikusanya maganda ndani ya kanga, akaenda kuyatupa.

Adhuhuri hiyo Rachelle alirudi kwenye simu, akasoma ujumbe wa mwezi wa sita mmoja baada ya mwingine. Wateja wake wengi wa Musonoi walikuwa wachimbaji na wake zao. Wiki ile komande ziliposhuka, walikuwa wametolewa kwenye mashimo ya madini, wote kwa pamoja, na wengi walikuwa wameondoka mjini. Wengine walikuwa wamemwandikia wazi kabisa: “Dada, kazi imekwisha, tutanunua tukirudia.” Alikuwa amejibu ujumbe huo kwa alama ya dole gumba. Komande zilianza kushuka siku nne kabla ya yale maoni matatu. Watu hawakukimbia jina la mama yake. Labda baadaye hadithi ya Nkambo ilisaidia kuuza, labda ni kwa sababu mashimo mengine yalifunguliwa. Mpaka leo hajui. Anachojua ni kwamba hakungoja kujua.

Jumapili aliandika kwenye ukurasa wake. Alijaribu kwanza kupiga video, akashindwa kujitazama. Aliandika kwamba Nkambo Numbi hajawahi kuwepo, kwamba pilipili ni ya Mbombo, mke wa Kabeya, na kwamba yule mwanamke wa kwenye kinu ni mama yake mzazi. Watu wengi walimtukana, wengine kwa uongo wake, wengine kwa asili yake. Wachache walimwandikia kwamba wao pia wana jina ambalo hawalitumii sokoni.

Odile alifuta video. Akamwandikia mistari miwili: “Ulinifanya nimubariki mama yako sawa mutumishi, mbele ya batu yote. Usiniandikie tena.”

Rachelle alimwambia mama yake kwamba etiketi mpya zitabeba jina lake, kama mwanzo.

“Acha,” mama Mbombo akasema. “Jina yangu, uiache tu.”

Alisema bila hasira, na hilo ndilo Rachelle aliloshindwa kulibeba. Mara mbili zaidi alimwomba. Jibu lilikuwa lile lile. Ndiyo maana etiketi za sasa zimeandikwa Pilipili tu, na namba ya simu.

Mteja yeyote akifika nyumbani, Rachelle humshika mkono na kumpeleka jikoni. “Uyu ni mama yangu, mwenye alinizaa,” husema, kwa sauti kubwa kupita kiasi. Mimi pia nilipelekwa. Mama Mbombo alinisalimia, kisha akamwambia binti yake kwa upole, “Basi, amesikia.”

Video ile ilikuwa imekwisha kunakiliwa na watu kabla Odile hajaifuta. Wiki tuliyozungumza, mtu wa mji wa Dilolo alikuwa ameagiza chupa sita, akauliza kama yule mama wa kazi bado yuko, kwa sababu alipenda anavyotwanga. Rachelle alinionyesha simu. Alikuwa amejibu: “Yuko. Ni mama yangu.” Yule mtu alikuwa amesoma, hakujibu.

Rachelle akafunga katoni ya Dilolo kwa mkanda wa gundi, akaandika anwani, akaisukuma kando kumngojea Dodo.