Kona Ni Futi Mbili

Bei yetu husemwa kabla ya chai. Hiyo sheria niliiweka mimi zamani, nilipoona kwamba mzee wangu, yaani mume wangu, akishakunywa chai ya mtu hawezi tena kumtajia pesa. Yeye ni fundi wa mbao za ndani ya nyumba: fremu za milango, dari, na skatingi, ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta. Mkono wake ni wa maana, lakini mdomo wake ni wa hasara. Mwenye nyumba hajasema neno, mzee ameshapunguza. "Lakini tunaweza kuongea," anasema, na hakuna mtu amemuuliza.

Kwa hivyo bei husemwa na mimi. Sikusoma sana. Niliachia darasa la nne nikaenda kuchuma kahawa, na zile nambari ndogo za tepu huniumiza macho. Niko na kamba yangu ya mafundo, kila fundo futi moja. Mlango nautoa kwenye hesabu, kwa sababu siwezi kuuza mbao mahali hakuna mbao. Lakini kila kona naihesabu futi mbili zaidi. Najua kona haina urefu. Ni kwamba ukuta ulionyooka mzee huupigilia misumari akipiga mluzi, na akifika kona hunyamaza. Pale mbao mbili hukatwa mshazari zikutane, na kuta za watu wetu nazo hazijanyooka. Nikasema mahali anaponyamaza ndipo alipwe.

"Mama, wewe unauza hewa," alikuwa akinicheka tukirudi nyumbani.

"Na wewe unaigawa bure."

Kona ikishakaa, mimi huijaribu kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukiingia kwenye ufa, anabandua na kukata upya. Tumefanya hivyo tangu nikiwa na meno yote.

Mwaka jana, mvua ndefu zilipoanza, mzee akapigwa na kiharusi. Ni kidogo, daktari alisema. Mdomo ukarudi, mguu ukarudi. Mkono wa kulia ukarudi ukitetemeka. Kila asubuhi alifungua karakana yetu hapa Nyeri, akafagia sakafu isiyo na maranda, akakaa. Mtu akileta kazi, anamwambia, "Nitakuambia." Hakumwambia yeyote.

Halafu mfanyabiashara mmoja wa mifugo, Mwislamu wa Nanyuki, akatupigia simu. Alikuwa amemaliza kujenga nyumba, na kazi yetu aliiona kwa rafiki yake huko Karatina. Nilingoja mzee aseme "nitakuambia." Akasema, "Twende tuone tu." Akavaa koti lake la safari.

Njia nzima nilikuwa nahesabu, na si futi. Nikitaja bei ya siku zote na mkono ukatae, tutaaibika katika nyumba ya watu. Nikiipunguza, mwenye nyumba atafurahi, lakini mzee atasikia. Amesikiliza bei yangu miaka arobaini. Katika chumba kile ni yeye peke yake angejua nimepunguza nini, ya kwamba mkono wake mimi nimeshauzika kaburini.

Nikapima. Sebule ilikuwa na dirisha lililotokeza nje, kona baada ya kona. Mama wa nyumba akaja na birika, nikamwambia, "Chai ingoje kidogo, mama."

"Futi mia moja arobaini na mbili," nikamwambia bwana yake, baada ya kumtajia bei yetu ya siku zote kwa futi, "na kona ishirini na mbili. Kila kona ni futi mbili."

"Ati kona nazo zinauzwa?"

"Zinauzwa."

"Mama, mimi nauza mbuzi. Sijawahi kumwambia mtu pembe alipie kando."

"Mbuzi huzaliwa na pembe zake. Hii kona lazima mtu aitengeneze."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akawa mtu wa soko tena. "Fundi wa tailizi ataniwekea skatingi ya tailizi kwa nusu ya hiyo. Na mzee wetu..." Akaangalia mkono. Mzee alikuwa ameuficha kwenye mfuko wa koti, na mfuko ulikuwa ukitetemeka. "Msinichukulie vibaya, wazee wangu. Huo mkono utaweza? Fanya kona futi moja, mama, tuelewane."

Nilifungua mdomo. Nitaandika ukweli: nilikuwa naenda kusema sawa.

"Kona ni futi mbili," mzee akasema.

Nikageuka kumwangalia. Tangu anioe sijawahi kumsikia akitetea bei.

"Ile isiyofungana, usinilipe," akaongeza. Akautoa mkono mfukoni, akauacha utetemeke mbele ya watu.

Yule mtu akatuangalia, mmoja kisha mwingine. "Haya, mzee. Futi mbili. Sasa tunyweni chai kabla haijapoa."

Nikanywa vikombe viwili. Mpaka leo mzee hajui nilichokuwa nataka kusema.

Kazi iliyokuwa ya siku nne ilichukua kumi. Alibana kiwiko kwenye mbavu ili msumeno utulie, na mimi nikashika ubao kwa mikono yote miwili. Mluzi hakupiga, hata kwenye ukuta ulionyooka. Kona nyingine alizikata mara mbili, moja mara tatu.

Ya mwisho ilikuwa nyuma ya mlango wa sebule. Mlango ukifunguliwa huifunika, hata mwenye nyumba hangeiona. Alipomaliza alikaa sakafuni, jasho kwenye paji la uso, na Nanyuki ilikuwa baridi siku hiyo. Nikapiga magoti. Nikaweka ukucha.

Uliingia.

Niliona vile alivyokuwa amechoka, na ule mkono umelala juu ya goti lake kama mtoto mgonjwa. Neno moja dogo na tungekuwa njiani kwenda nyumbani.

"Umeingia?" akauliza.

"Umeingia."

Akanyoosha mkono wa kushoto, nikampa patasi. Akabandua ubao, nikamletea mwingine, akabana kiwiko, akakata polepole sana, nami nikashika mpaka vidole vikafa ganzi. Akapaka gundi. Akapigilia.

"Jaribu."

Nikajaribu juu, nikajaribu katikati, nikajaribu chini karibu na sakafu.

"Haujaingia."

"Jaribu tena."

"Mzee, haujaingia."

Akaegemea ukuta akafumba macho. Nilidhani amelala.

"Mama," akasema, "hiyo hewa yako ya kona."

"Imefanya nini?"

"Nyumba nyingine tukienda, iwe futi tatu."