Kikao cha Kunirudisha kwa Mume

Kwetu Mbozi, mwanamke akipigwa akakimbilia kwao, mume humfuata na wazee wake na mbuzi. Mbuzi akichinjwa, kesi imekwisha. Mke anafunga mzigo siku hiyohiyo. Basi nilikaa mkekani kwa baba, jicho limevimba kama andazi, mbuzi analia nje, na watu wazima wanajadili kwa nini nimepigwa. Kwa nini mimi! Hakuna aliyeuliza kwa nini yeye kapiga.

Baba mdogo alisema ni pombe. Mjomba wa mume akasema ni damu, hata baba yake alikuwa hivyohivyo. Mzee wa kanisa akasema maisha magumu, shetani hupenya hapo. Shangazi yangu, Mungu amsamehe, akasema ni mdomo wangu. Mume wangu anatikisa kichwa kwa huzuni, utadhani yeye ndiye aliyepigwa.

Uvumilivu ukanishinda. "Wazee wangu, naomba niseme. Juzi pale Tunduma huyu alikuwa amelewa chakari. Dereva wa lori wa Kizambia akamtukana mbele za watu, yeye akamjibu 'mukwai, mukwai' kwa heshima zote. Akapita kwa askari, akasimama wima, akasalimia. Kufika nyumbani, chumvi imezidi, akaning'oa jino. Hiyo pombe inaujuaje mlango wangu? Na hiyo damu ya baba yake, mbele ya askari ilikwenda wapi? Ananipiga kwa sababu anajua mtanirudisha."

Mjomba wa mume akaanza, "Mnausikia huo mdomo?"

Mama yangu, ambaye sijapata kumsikia kikaoni, akasema kutoka mlangoni, mwiko mkononi: "Hata mimi nilirudishwa. Mara tatu. Kila mara alinipiga zaidi."

Baba akainama. Niliogopa, sisemi uongo. Yule mzee ana hasira. Akainuka, akatoka nje, akafungua kamba ya mbuzi, akamtia mkwewe mkononi. "Nendeni naye. Binti yangu habanduki hapa."

Wee! Nilipiga vigelegele peke yangu huku machozi yananitoka, shangazi ananifinya ninyamaze. Ninyamaze nimeshinda?

Wageni walipokwisha kuondoka, baba alirudi ndani, akavua kofia, akasimama mbele ya mama.

"Nisamehe, mke wangu," akanong'ona.

Mama akamnyooshea shangazi mwiko, akasema, "Sema kwa sauti, wifi yangu hajasikia."