Ukumbi Ulionyooka

Ofisini walimwita Bi Korido, naye hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kusanifu majengo ya abiria ya viwanja vya ndege, na alikuwa na msimamo mmoja ambao hata bosi alishakata tamaa ya kuubishia: abiria hapotei, anapotezwa na jengo. Ukimwambia fulani kakosa ndege kwa uzembe wake, atakuuliza mlango ulikuwa wapi.

Safari hii mezani kulikuwa na michoro mitatu. Mmoja ulizunguka kama bangili iliyokatika, wa pili ulikuwa na matawi manne, wa tatu ulikuwa ukumbi mmoja ulionyooka, mlango huku, ndege kule. Bi Korido hakuiamini kompyuta peke yake. Alikodi ghala tupu, akasimamisha kuta za maboksi kufuata kila mchoro kwa zamu, akawaambia wenzake waburute masanduku humo watafute ndege. Na kwa kuwa baba yake mstaafu alikuwa akishinda nyumbani kugombana na redio, akamchukua naye.

Mzee alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, barabara alizijua kama kiganja cha mkono wake. Siku ya matawi manne walimkuta kwenye kona, amekalia sanduku, anatabasamu kwa aibu.

"Mmenichanganya, mwanangu."

"Si wewe, baba. Ni mimi na kona zangu."

Akautupa mchoro ule, ingawa bosi aliupenda kuliko yote. Bangili nayo ikamshinda mzee. Bi Korido akaongeza vibao, akapaka sakafu rangi, wapi. Jioni dada yake, muuguzi aliyekuwa akiishi na baba yao, akampigia simu.

"Mdogo wangu, juzi baba kapotea akitoka dukani. Duka la hapo nje! Tumpeleke hospitali."

"Mtaa wenu umejengwa ovyo," akajibu, akakata simu. Alikuwa anaogopa, basi.

Ukabaki ukumbi ulionyooka. Hauna kona, hauna ngazi. Ukiwa mlangoni unaiona ndege, yaani picha waliyoibandika ukutani. Bi Korido alisimama chini ya picha ile, roho mkononi, akimtazama baba yake anakuja na sanduku lake, kwa hatua za mtu anayejua anakokwenda. Akaanza kutabasamu.

Katikati ya ukumbi mzee akasimama. Akaitazama ndege. Akageuka, akautazama mlango. Kisha akalikumbatia sanduku kwa mikono miwili.

Hapakuwa na ukuta wa kulaumu. Bi Korido akamkimbilia.

"Baba, ni mimi."

"Najua ni wewe," mzee akasema kwa ukali, kisha sauti ikalegea. "Ila hapa sipajui. Usimwambie dada yako."

"Anajua, baba. Mimi ndiye nilikuwa sitaki kujua."

Akaangua kilio hapohapo, wenzake wakijifanya wanapanga maboksi. Alimpenda sana mzee huyu, na hakuwa na mchoro wa kumsaidia. Akampigia dada yake, akamwambia kesho wanakwenda hospitali wote watatu.

Mzee alikuwa akimtazama kwa wasiwasi. Akamfuta machozi kwa mkono wa shati.

"Nani kakuudhi, mwanangu?" akauliza. "Nitajie tu, nikamwone."