Ngoma ya Kache Haikatwi

Watu wa Adu wakitaka kumtaja mtu mkaidi husema ana shingo ya Kache, na mwenyewe alipokuwa akisikia alifurahi. Shingo ni yangu, alisema, na kichwa kilichokaa juu yake ni changu pia. Alilima mahindi na mihogo, alikuwa mke wa Jefwa na mama wa Kambi, ndiyo maana wanawake wenzake walimwita Mekambi. Lakini kulima kila mtu hulima. Kilichompa Kache jina ni ngoma. Yeye ndiye aliyekuwa manju wa ngoma ya mabega ya wanawake wa Adu, na hiyo hakuna wa kumpokonya.

Sasa sikiliza, maana wengi hawajui. Ngoma hiyo haianzi kwa kusimama, inaanza kwa kukaa. Wanawake huketi chini kwa safu, miguu wameinyosha, manju akamwita mmoja mmoja. Anayeitwa hujibu kwa jina la nyanya yake mzaa mama, kisha humwimbia ubeti wa kumsifu au kumtania. Asiyekuwapo naye huitwa, nafasi yake imetandikwa leso. Mpaka wote waitwe, hakuna bega litakalotikisika. Ndiyo hodi ya ngoma. Mwenye haraka na aende kisimani.

Miaka ya themanini hoteli za Malindi zikajaa wageni, na meneja mmoja akaitaka ngoma hiyo. Wanawake wakaenda, Kache mbele, hando zao zile sketi nene za mikunjo zimetulia viunoni. Wakaketi, Kache akaanza kuita. Meneja akaja mbio.

"Mama, inukeni! Wageni wanataka kula. Nipeni mabega tu."

"Mabega yana mwenyewe," Kache akamjibu, "na mwenyewe hajaitwa."

Akainuka kweli, lakini ni kwa kwenda zake. Nusu ya wanawake wakamfuata. Nusu wakabaki na Kavumbi, wifi yake, dada wa Jefwa, mwanamke mzuri mwenye mabega ya kuapia.

"Wifi, sisi tutakula wali hapa," Kavumbi akamwambia. "Wewe nenda kale huo mwanzo wako."

"Ngoma ivumayo haidumu, Kavumbi."

"Na isiyovuma je? Hiyo hata haijulikani kama imekufa."

Neno hilo lilimwingia Kache kama mwiba wa mchongoma, kwa kuwa lilikuwa na ukweli. Wasichana wa Adu walikuwa wakijifunza ya hotelini. Walijua kutikisa mabega, lakini ukiwauliza jina la nyanya mzaa mama walikutazama kama mbuzi. Kache aliona wazi kwamba siku atakayozikwa, hodi ya ngoma itazikwa naye. Hilo alilikataa.

Jumamosi moja alikuwa Malindi akiuza korosho, mvua ikamkimbiza ndani ya ukumbi wa mikutano. Mlikuwa na giza, madirisha yamezibwa magunia, ukutani limetundikwa shuka jeupe. Kijana mmoja alisimama kando ya mashine inayounguruma. Akaja kumpokea.

"Shikamoo mama. Karibu, hakuna kiingilio."

"Marahaba. Ni ya karate au ya Kihindi?"

"Si karate. Ni filamu fupi fupi, tumepiga wenyewe, mimi na marafiki zangu."

Waliotaka karate walikuwa wameshatoka wakisonya. Kache alikaa kwa sababu ya mvua. Ikaja filamu ya vijana wachora mabango wa mjini, wale wanaopaka simba na maua kwenye milango ya maduka, wana misemo yao na namna yao ya kuvaa kofia, na fundi mkubwa anamtukana mwanafunzi wake kwa kuharibu jicho la simba. Halafu ikaja ya bikizee mfinyanzi. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyekimbia na mchumba. Ni bikizee na udongo wake tu, anakanda, anainua, anasugua kwa kokoto, na ile kamera haikumtoka. Mwisho anakitia chungu motoni, nacho kikapasuka: pwaa! Bikizee akacheka, akachukua udongo mwingine.

Kache alisahau mvua. Taa zilipowashwa alimwendea yule kijana.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Naitwa Thuku, mama. Nimetoka Nairobi."

"Chungu kimepasuka. Mbona hamkukata?"

"Aliyepiga ni rafiki yangu. Anasema ukikata pale, humjui tena huyo mama."

Kache akamtazama kuanzia nywele hadi viatu. "Basi wewe ndiye ninayekutafuta. Mwezi ukiandama utakuja Adu. Sikuombi, nakwambia."

Thuku akaja, vumbi limemgeuza mwekundu, na kamera yake na kinasa sauti. Alikuwa na mikanda miwili tu, kila mmoja wa dakika kumi. Hakuwa na uwezo wa mwingine. Kache alikwisha kumweleza alipompokea: "Mwanzo wetu ni wa polepole. Usiukate." Naye akala kiapo kwamba hatakata.

Wanawake walijipanga wamesimama kwanza, ili aone leso zao na mafuta yao yanavyong'aa. Thuku akainama nyuma ya kamera, akapaza sauti: "Tayari!"

Ole! Neno hilo kwa watu wetu lina mwenyewe. Ni neno la mpiga picha wa studio kule Malindi. Akishasema "tayari" hutikisiki, hucheki, hupepesi, ukitikisika picha imeharibika na lawama ni yako. Wanawake wote wakakauka kama nguzo za boma. Hata Kache aliyemwona bikizee akikanda udongo shukani, shingo yake ilikauka yenyewe kwa mazoea. Wakasubiri kuambiwa basi.

Thuku naye akasubiri. Alidhani huo ndio ule mwanzo wa polepole, na kiapo ni kiapo. Kuku akapita na vifaranga vyake. Nzi akatua puani kwa Jedida, mke wa Kioko, mwanamke aliyetoka Ukambani akaolewa Gongoni, jirani na Adu, na kuipenda ngoma kuliko wenyeji. Jedida alikaza macho mpaka machozi yakamtoka. Ndipo kamera ikafanya krrr, ikanyamaza.

"Mama," Thuku akasema kwa heshima kubwa, "ukimya wenu ni wa ajabu. Sasa mtaanza kuita lini?"

"Kuita nini?" akafoka Jedida akimfukuza nzi. "Si tunangoja wewe utupige picha!"

Walipoelewana, wengine walianguka chini kwa kicheko. Thuku hakucheka. Mkanda mmoja ulikuwa umekwenda kwa kuku na vifaranga vyake. Kache naye hakucheka, maana hodi peke yake huchukua muda wote wa ule uliobaki, na mabega huchukua mara mbili yake.

"Tupige mabega, mama," Thuku akasihi. "Ndiyo watu wanayoyapenda."

"Mpe mabega, Mekambi," wenzake wakasema. "Hodi kidogo, mabega kidogo, yaishe."

Kache akaenda akasimama pembeni, mgongo amewapa. Aliona yule meneja akija mbio tena, safari hii kwa umbo la mkanda mdogo mweusi. Kila mtu na kisu chake. Alikuwa na uwezo wa kukataa yote na kwenda zake, kama alivyofanya hotelini. Lakini kwenda zake kulikuwa kumemletea nini? Akageuka.

"Mabega yako Malindi, kila mgeni anayo kwenye picha yake. Hodi haiko popote ila hapa kwenye vumbi hili. Keti chini nyote. Thuku, wewe washa, na hilo neno lako usilitamke."

Wakaketi. Akawaita, wakaitika, wakatania, Jedida akamwimbia nyanya yake kwa Kikamba na hakuna aliyemzuia. Leso moja ilitandikwa ardhini, tupu. Kache akaliita jina la mwenyewe. Akangoja. Akaliita tena. Kisha wote wakaweka mikono chini ili wainuke, na mkanda ukaisha hapo hapo.

Baada ya miezi, filamu ikaonyeshwa katika ukumbi ule ule. Habari zilitangulia, na Kavumbi akaja na wanawake wake wa hotelini, wamevaa vizuri, wamekaa safu ya nyuma ili wacheke pamoja.

"Twende tukawaone wanawake waliokaa chini," alikuwa amesema mlangoni, kwa sauti ya kusikika.

Walicheka kweli, kwenye ubeti wa Jedida. Halafu ikaja ile leso tupu, na sauti ya Kache ikaita kutoka ukutani: "Kavumbi!" Vichwa vikageukia safu ya nyuma. "Kavumbi!" Na leso ile haikujibu. Wanawake kwenye shuka wakaweka mikono chini, wakaanza kuinuka, shuka likawa jeupe.

Hakuna mwili unaoijua ngoma hiyo unaoweza kuachwa hapo. Nyuma mle kiti kikaanguka. Kavumbi alikuwa amesimama, mabega yameshaanza, na wenzake nyuma yake, na watu wakivuta viti kuwapisha.

Kache hakuinuka. Aligeuza ile shingo yake taratibu.

"Keti, wifi."

"Mekambi, si umeniita mwenyewe? Watu wote wamesikia!"

"Nilipokuita hukuwako. Keti, nikuite upya."

Kavumbi alimtazama, mabega yakatulia moja baada ya jingine. Akaketi juu ya saruji na nguo yake nzuri, akanyosha miguu. Wa hotelini wakaketi, wa Adu wakaketi kando yao. Thuku hakuwa na mkanda hata kipande, akavuta kiti, akatazama.

"Kavumbi!" akaita Kache.

Na Kavumbi akamtaja nyanya yake.