Maji Yangu Kwenye Uwanja wa Mpira

Hawa vijana wanaotaka kujenga uwanja mpya hapa kijijini walikwenda kuwauliza wazee ule wa kwanza ulikufaje, wakaambiwa ni mvua. Si mvua, wazee wananisitiri tu. Ni mimi, na nimenyamaza miaka yote hii kwa aibu.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na huku kwetu milimani, juu ya Bombo, hakuna tambarare hata ya kuanikia maharage, kwa hiyo uwanja tuliuchonga ubavuni mwa mlima kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, wanaume wanakata udongo upande wa juu, sisi wanawake tunaubeba kwa vikapu kuumwaga upande wa chini (nilikuwa na mimba ya Naelijwa, na nilibeba), viangazi viwili vizima, na mfereji wa zamani uliokuwa unapita pale tukaufukia. Mdogo wangu Eliamani, golikipa na kapteni, ndiye alikuwa anafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Wakubwa wa mpira wa Same walisema watakuja kuukagua: wakiukubali, timu itacheza ligi ya wilaya nyumbani, wakiukataa, iteremke Same kila mechi, na huo ni mwendo wa siku nzima kwa miguu.

Siku ya ukaguzi ikaangukia zamu yangu ya maji. Kwetu maji ya mfereji hukusanywa kwenye ndiva, bwawa la udongo huko juu, mwenye zamu huzibua, kisha hukaa na jembe lake mpaka shamba linywe. Hilo hata mtoto analijua. Mimi nilizibua asubuhi, nikaweka mabonge ya udongo pale mfereji unapogawanyika ili maji yaende kwenye maharage yangu, halafu nikajiambia yatakwenda yenyewe, nikaenda kuvaa kitenge kipya (nilikuwa nimepangiwa kuanzisha nyimbo, na nilijiona kweli).

Wageni wakafika, tukaimba, mkaguzi akapima kwa hatua kutoka goli hadi goli, akasema, "Wazee, mmefanya kazi." Eliamani akanitazama, akacheka. Hapohapo maji yakatokea upande wa juu, mekundu kwa udongo, yamekwisha kuvunja mabonge yangu na kushika njia ya ule mfereji wa zamani, yakapita katikati ya uwanja kana kwamba hatukufukia kitu.

Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikawa wa kwanza kupayuka mbele ya wageni. "Mpumbavu gani kafungulia maji leo? Mama yake hakumfundisha?" Nikaendelea, nikatukana na ukoo wake.

Mzee anayegawa zamu za ndiva aliningoja nimalize. "Mwanangu," akasema taratibu, "leo zamu ni ya nani?"

Mama yangu alikuwa amesimama kando yangu. Watu wakacheka, hata wageni wakacheka, na wakiwa bado wanacheka, ukingo wa chini, ule udongo wa vikapu vyetu, ukamomonyoka na goli moja juu yake, ukashuka mpaka kwenye migomba ya watu. Kicheko kikakatika. Mkaguzi akafunga daftari lake. "Hapa hapafai. Iko siku mtu atakufa hapa."

Niliwaomba radhi nyumba kwa nyumba. Waliitikia, lakini msaragambo ulipoitwa tena, hakuna aliyekuja na kikapu. Timu iliteremka Same mara tatu, mara ya nne wakatokea wachezaji sita, basi, ikafa. Eliamani hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alisema tu, "Dada, si ungekaa na maji yako." Kisha akang'oa miti ya goli lililobaki, akajengea zizi la mbuzi, na kila nilipokwenda kumsalimu niliipita hiyo miti mlangoni pake, mpaka tulipomzika.

Sasa nikizibua maji siondoki. Hata nije kuitwa kwamba kuna msiba, nitangoja shamba linywe kwanza.