Kichwa Changu na Wenyewe

Juzi nilipita Kondele karibu na fundi cherehani aliyekuwa akipiga pasi ya makaa, na harufu ikanishika kabla sijageuka: nailoni iliyoguswa na moto kupita kiasi. Nikasimama pale katikati ya bodaboda, honi zikinipigia, nikawa msichana wa miaka kumi na tatu tena. Mama alikuwa akininyooshea hijabu nyeupe juu ya blanketi lililokunjwa, akiilaumu pasi, akiyalaumu makaa, akinilaumu na mimi kwa kusimama tu.

Niwaambie mapema, maana ninyi ni watu wangu: sikuipenda ile hijabu. Jua la Kisumu mnalijua. Ikifika saa sita shingo inawasha, jasho linashuka hadi mgongoni, na tukicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kitambaa kinateleza hadi machoni na mpira unanipata. Lakini Baba alisema nimekua, basi nivae. Yeye alikuwa Mjaluo na Mwislamu, mwana wa Mwislamu, muuza vipuri vya baiskeli, na alikuwa amechoka kuulizwa na wateja kama jina lake la Ramadhani ni la utani. Mama aliingia dini kwa ndoa. Mama yake, nyanya yetu wa Usenge ambaye sote tulimwita Dani, alibaki katika kanisa lake la Roho, na sikuwahi kuziona nywele zake hata siku moja. Alilala na kuamka na kitambaa cheupe chenye msalaba mwekundu.

Mwaka niliokuwa darasa la nane, shule yetu ya upande wa Otonglo ikapata mwalimu mkuu mpya. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo ingawa ananikera hadi leo. Alipaka madarasa rangi, akapiga marufuku kiboko, na asubuhi moja gwarideni akatangaza kwamba hakuna mwanafunzi atakayeingia darasani akiwa amefunika kichwa. "Hapa watoto wote ni sawa," alisema. "Sitaki kujua nani anaomba wapi." Shule nzima ikageuka kunitazama, maana mwenye hijabu nilikuwa mimi peke yangu.

Mtadhani nilifurahi. Nilifurahi kweli, kutoka gwarideni hadi mlangoni mwa darasa. Hapo naibu wake, Madam Akinyi, akanyoosha mkono nimpe kitambaa, nami nikakishika kwa mikono miwili kama mtu anayenyang'anywa chakula. Sikujielewa. Kitu nilichokilaani wakati wa chai kilikuwa kimekuwa changu ghafla. Nikarudishwa nyumbani na masharti: nivue, au nitafute shule nyingine. Baba akasema kuvua hakuna, nitapelekwa Mumias kwa shangazi. Mumias sikuitaka. Marafiki zangu, mama yangu, mtihani wangu, vyote vilikuwa hapa.

Wiki hiyo hakuna aliyetulia nyumbani. Baba alizunguka uani, Mama alipiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo, na Dani, aliyekuwa ametuletea omena, dagaa wa ziwani, akakataa kurudi Usenge kabla ya kujua mwisho wa mambo. Hatimaye wazazi wote wa shule wakaitwa mkutanoni, nami na Dani tukafuatana na wangu. Ukumbi haukuwepo, kwa hiyo walikaa katika darasa la chekechea, watu wazima kwenye viti vidogo, magoti yakiwagusa videvu.

Sasa, huku kwetu mkutano hauanzi bila maombi, hata uwe wa kuchimba choo. Mwalimu mkuu akasema, "Tuombe." Kina mama wote wakainua mikono kwa pamoja. Leso zikapanda kutoka mabegani hadi vichwani. Aliyekosa leso akatandaza hanchifu, na mmoja akajiwekea sweta ya mtoto. Hata Madam Akinyi akajifunika skafu yake. Walifanya bila kufikiri, kama mama zao walivyowafundisha. Mwalimu mkuu alipofumbua macho baada ya amina, alijikuta akitazamana na chumba kizima kilichojifunika.

Dani ndiye aliyecheka kwanza. "Yaye, mwalimu! Sasa hii kichwa yetu yote utafukuza?"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu akaona aibu, na mtu mwenye aibu si wa kuchezea. "Mama, nyinyi mmefunika juu mnataka," akajibu. "Huyu mtoto amelazimishwa."

Baba akasimama. "Kichwa ya mtoto wangu ni yangu mpaka aolewe."

"Hapana, Mzee. Kuanzia kengele ya asubuhi mpaka ya jioni, hiyo kichwa ni ya skuli."

Wahenga walisema mafahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na nyasi zenyewe zilikuwa zimeketi pale kwenye kiti cha chekechea, zikitafuta pa kuangalia. Kisha mwalimu mkuu, kwa nia njema kabisa, akaniita mbele.

"Zaina, usiogope. Hapa uko huru. Unavaa juu unapenda, ama unalazimishwa?"

Ndugu zangu, swali hilo linaniwasha hadi leo kuliko ile nailoni. Nikisema napenda, ni uongo. Nikisema nalazimishwa, nimemvua Baba nguo mbele za watu. Jibu la kweli, kwamba sikuipenda mpaka walipotaka kuichukua, sikuwa na maneno ya kulisema. Machozi yakatoka.

"Mmeona?" akasema mwalimu mkuu. "Anaogopa baba yake."

"Mmeona?" akasema Baba. "Anaogopa wewe."

Ikapigwa kura ya mikono. Kina mama walishinda, wengine leso zikiwa bado vichwani, nami nikaruhusiwa kubaki mradi hijabu iwe nyeupe na safi. Dani alipiga vigelegele hadi langoni. Baba akaninunulia soda, nikainywa kwa raha zangu, maana Mumias ilikuwa imeniepuka.

Jumatatu wakati wa mapumziko jua lilikuwa kali. Nikafanya nilichokuwa nikikitamani muda wote: nikavua kitambaa, nikakifunga kiunoni, nikaingia uwanjani kucheza kati. Mpira haukunigusa hata mara moja.

Mara nikamwona Madam Akinyi anakuja mbio, kiatu kimoja kikibaki nyuma. "Zaina! Vaa hiyo kitu! Wazazi wamekupigia kura, na wewe unatoa?" Jioni, mama mmoja muuza samaki ambaye sikumjua hata jina akanisimamisha njiani kuniuliza kitambaa kiko wapi, kwani naye aliinua mkono. Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Baba hakunipiga. Alisema tu, "Umeniaibisha," akatoka nje. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo nikaivaa hadi mtihani ukaisha, huku shule nzima ikinilinda.

Kwa miaka mingi hasira yangu yote nilimwekea mwalimu mkuu, kwa kuwa yeye alikuwa rahisi kukasirikia. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba hata walionitetea walinipa ruhusa ya kuvaa tu. Walinipenda, na ninawashukuru. Lakini ruhusa ya kuvaa isiyo na ruhusa ya kuvua ni amri iliyotabasamu.

Sasa mjadala umerudi redioni, hijabu shuleni, mahakama hivi, kanisa vile, na marafiki wananipigia simu kuniuliza niko upande gani. Siwezi kusikiliza nikiwa nimekaa. Wakipiga marufuku, nitaivaa hadi jikoni. Wakilazimisha, nitaivua katikati ya Kondele mchana kweupe. Leo asubuhi nimeivaa, nikaivua, nikaivaa tena, chai ikapoa. Siku nitakayoachwa mbele ya kioo bila mtu anayesubiri jibu langu, labda ndipo nitajua kama naipenda. Bado sijaachwa.